Taa Shingoni mwa Paka



Wasomaji wapenzi, juma lililopita nilipigiwa simu na binti wa kaka yangu. Yeye na mumewe walihama Mombasa mwaka jana wakaenda kukaa Nuu, katika kaunti ya Kitui, mume alikopata kazi ya ualimu. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale, ambako kichochoro hakikosi taa ya kibaraza, hulijua giza kwa jina tu. Nuu, usiku usio na mwezi, ukishavuka kizingiti huioni hata mikono yako.

Walipohama, binti yao wa miaka 9 alikataa katakata kumwacha paka wake, mdogo, mweusi tititi. Jioni moja, baada ya magharibi, paka hakurudi. Mama alipokuwa juu ya mswala, mtoto alitoka peku, bila tochi, akimwita paka wake kando ya rundo la kuni. Mama alipomfuata na kumulika chini, aliona bafe amejikunja hatua mbili kutoka mguuni pa mtoto. Nyoka huyo hana haraka ya kukimbia. Hulala kimya, rangi yake ni ya mchanga na majani makavu, na anayemkanyaga ndiye aumwaye. Mwenyezi Mungu alisitiri.

“Shangazi,” akaniambia, “jirani amenishauri nimnunulie paka mkanda wa shingoni wenye taa. Mama mkwe asema hiyo ni hirizi, haifai. Nifanyeje? Nimfunge kamba?”

Suali hili linatuhusu wengi, nami nitalijibu kwa mapana kidogo.

Kwanza, dini. Katika hadithi ya Abu Bashir Al-Ansari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliamrisha mikanda ya uzi wa upinde ikatwe shingoni mwa ngamia. Imam Malik aliona kuwa sababu ni jicho: watu walivivika wanyama vitu hivyo kwa itikadi kuwa vyawakinga. Wanazuoni wengine wakasema ni kwa kuchelea mnyama asinyongeke akinasa mtini. Basi mama mkwe hakukosea kuuliza. Lakini taa haivaliwi kwa itikadi ya kukinga. Yavaliwa ili mnyama aonekane, kama mchungaji atiavyo alama kondoo wake. Ila ile sababu ya pili tuikumbuke, kwani inatufundisha namna ya kuuchagua mkanda. Na wale wanaopenda kumvisha paka njuga, wajue kuwa hadithi imetaja kwamba malaika hawafuatani na msafara wenye kengele, na wanazuoni wengi wameichukia. Taa haina kelele.

Ama kumfunga kamba usiku kucha, hapana. Twaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Pili, kwa nini taa? Wengi husema macho ya paka yang'aa yenyewe. Hayang'ai, nyuma ya jicho lake mna utando unaourudisha mwanga unaoingia. Mwingereza Percy Shaw alitengeneza mwaka 1934 vioo vya barabarani virudishavyo mwanga wa taa za magari, navyo vikaitwa macho ya paka. Lakini paka akikupa mgongo huoni kitu, na akiwa mweusi ndiyo kabisa. Utepe unaorudisha mwanga, kama ule wa jaketi za waendesha bodaboda, husaidia palipo na tochi au taa ya pikipiki. Mkanda wenye taa yake wenyewe huonekana kutoka barazani, bila mtu kutoka nje.

Ukinunua, tazama haya. Kifungo chake kiwe cha kufunguka chenyewe kikivutwa kwa nguvu, ili paka akinasa kwenye miba ajinasue. Vidole viwili vipite baina ya mkanda na shingo. Ukilegea mno ataingiza mguu au taya, ukibana utamchuna. Paka mdogo hukua upesi, basi upimeni kila juma. Uwe mwepesi, na mwanga usiwe mkali wa kumsumbua macho. Mwekundu huvuta wadudu wachache kuliko mweupe. Akiingia ndani, mvueni alale kwa raha.

Na hili, kina mama, msilipuuze: mikanda mingi hutumia betri ndogo za mviringo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa mbili tu. Chagua wenye kifuniko cha skrubu au wa kuchajiwa, na ukishuku mtoto amemeza, mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili.

Asiyeupata dukani, na ashone utepe wa kurudisha mwanga juu ya kitambaa laini, aufunge kwa vile vibanio vya kunatana vya viatu vya watoto, ambavyo huachia vikivutwa.

Hata hivyo, taa haimzuii mwewe wala fisi, na hakuna mkanda ushindao chakula. Nilimwambia binti yangu: mpe paka chakula chake cha jioni kabla ya adhana ya magharibi, kila siku wakati ule ule, naye atarudi mwenyewe, kisha mlango ufungwe, awe na maji na kisanduku cha mchanga. Mtume (S.A.W.) alituagiza tuwazuie watoto wetu ndani usiku unapoingia. Paka naye na aingie nao.

Mkanda umepatikana Mwingi. Juzi nilipigiwa tena, safari hii na mtoto mwenyewe. Paka alichelewa, akasema, lakini alikaa barazani na mamake wakakitazama kinuru chekundu kikishuka kutoka kwenye kuni, polepole, mpaka mlangoni. “Sikutoka, bibi,” akaniambia. “Nilimngoja.”

Hilo ndilo nililolitaka. Wabillahi tawfiq.