Dini ya Jumapili na Mizani ya Jumatatu

Limeenea kwetu neno moja ambalo kwa maoni yetu limekaa mno pasipo kujibiwa. Neno lenyewe ni hili: "Mambo ya kanisa ni ya kanisani, na mambo ya kazi ni ya kazini." Husemwa njiani watu watokapo ibadani, husemwa penye mizani ya chai, husemwa barazani jioni, na asemaye hucheka kidogo, na wasikiao hucheka pamoja naye, kana kwamba ni hekima ya wazee. Sisi twasema si hekima, wala haikutoka kwa wazee. Ni neno la kumwondoa Bwana wetu katika siku sita na kumfungia katika siku moja, tena katika saa mbili tu za siku hiyo. Mwezi huu twataka kulijibu, na twamwomba msomaji asitukasirikie kabla hajafika mwisho.

Na tulijibu kwa mambo ya mahali tunapopajua. Kwamkoro iko katika Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, katika wilaya ya Muheza. Ni nchi ya mvua na ukungu, yenye mashamba ya chai yanayofika hata ukingo wa msitu mkubwa. Watu huchuma chai, hulima iliki na migomba na mihogo, na Wakristo na Waislamu hukaa mlango kwa mlango. Wala Injili si mgeni katika milima hii. Mwaka 1848 Krapf alifika Vuga, ng'ambo ya bonde la Lwengera, akasimama mbele ya Mfalme Kimweri kuomba ruhusa ya kufundisha. Mwaka 1875 Padre Farler wa UMCA alikuja kukaa Magila, chini ya milima yetu. Mwaka 1891 wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga Mlalo. Basi imani imekaa nasi miaka mingi. Mgeni husamehewa asipojua desturi za nyumba; bali mwenyeji hasamehewi.

Sasa twendeni penye mizani. Kila mchumaji ajua jinsi chai inavyotakiwa kuchumwa: majani mawili na chipukizi. Ajua pia jinsi ya kudanganya. Yuko achumaye majani makavu na vijiti ili kikapu kijae upesi. Yuko anyunyiziaye maji ili uzito upande. Yuko ashindiliaye majani katika gunia kwa miguu, hata yapate joto na kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani. Na upande wa pili wa mizani yuko karani aandikaye kilo kumi na mbili mahali pa kilo kumi na nne, na zile mbili akazitia katika jina la ndugu yake. Mchumaji na karani wote wawili huenda wakaketi benchi moja siku ya Jumapili, wakaimba kwa sauti moja, na kila mmoja akadhani kwamba Mungu alikuwa amelala Jumatatu.

Ukiwauliza, mchumaji asema: "Karani huniibia, basi nami najilipa." Na karani asema: "Wachumaji hutia maji, basi nami napunguza." Kila mmoja amejenga uovu wake juu ya uovu wa mwenziwe, na hapo hapana wa kwanza wala hapana wa mwisho. Ni nani atakayeivunja duara hii kama si mtu aliyebatizwa? Mpagani akingoja mwenziwe aanze kutenda haki, twaweza kumfahamu. Mkristo akingoja, basi ubatizo wake ulikuwa maji tu.

Wala tusiseme kwamba Maandiko hayakujua mizani. Katika kitabu cha Walawi, mlango wa 19, sheria ya kipimo cha haki imewekwa pamoja na sheria ya kumpenda jirani, katika mlango ule ule. Nabii Amosi, mlango wa 8, aliwakemea wafanya biashara waliokuwa wakingoja kwa uchungu sabato iishe, ili wafungue ghala na kuuza kwa kipimo kilichopunguzwa. Tazameni sana jambo hili. Watu wale hawakuivunja sabato, waliishika. Dhambi yao ilikuwa kuihesabu siku ya Mungu kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta wakafanya wapendavyo. Ndilo neno letu lile lile, ila wao walilisema kwa Kiebrania.

Watu walipomwendea Yohana Mbatizaji wakimwuliza watende nini, hakuwapa sala ndefu. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari aliwakataza kumdhulumu mtu. Hakuwaambia waache kazi zao. Aliwaambia wazifanye kwa haki. Naye Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani kwake, hakusema kwamba tangu leo ataimba vizuri zaidi. Alisema atarudisha mara nne. Wokovu wa nyumba ile ulionekana kwa fedha iliyotoka mfukoni.

Tutaambiwa: "Ninyi walimu mwasema hivi kwa sababu mmeshiba. Tumbo halina dini." Hatusemi kwamba njaa ni jambo dogo, wala hatukuandika haya kumtetea tajiri. Mwajiri ajiitaye Mkristo, tena akachelewesha mshahara wa mchumaji, dhambi yake ni kubwa kuliko ya yule aliyetia maji. Mtume Yakobo asema katika mlango wa 5 kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika juu. Lakini maji ya kikapuni hayamwondoi mtu katika umaskini. Majani mabaya hufanya chai mbaya, chai mbaya huuzwa kwa bei ndogo, na bei ikishuka, humshukia hata jirani aliyechuma kwa uaminifu tangu alfajiri. Aliyedhani anamwibia tajiri amemwibia mjane wa kitongoji chake. Na mchovya asali hachovyi mara moja: atiaye maji leo kwa ajili ya njaa, mwakani atatia akiwa ameshiba.

Liko na jambo la nyumbani, nalo ni la aibu zaidi. Mke huamka gizani, huchuma mvuani mtoto akiwa mgongoni, na siku ya malipo mume ndiye ashikaye fedha. Jioni fedha imekwisha kwenye pombe, na mke hana hata ya chumvi. Kisha Jumapili mume yule husimama kusoma somo. Twauliza: je, mke huyu atamsikiaje Mungu katika sauti ile?

Sasa tuingie msituni, maana huko neno lile limezaa matunda mabaya kuliko yote. Msitu wa Kwamkoro, pamoja na misitu mingine jirani, uliwekwa mwaka 1997 katika Hifadhi ya Asili ya Amani, yenye hekta zaidi ya 8,000. Kabla ya hapo, hata katikati ya miaka ya 1980, miti ilikatwa kwa mashine na magogo yakachukuliwa kwa magari. Palipofunguka, mti mmoja wa kigeni uliopandwa Amani zamani za Wajerumani, ambao wataalamu huuita Maesopsis, uliingia ukaenea, ukazijaza nafasi za miti ya asili. Hivyo ndivyo nafsi ilivyo nayo: ukiufungua mwanya, hujui ni mbegu gani itakayoingia.

Mashine zile zilikwisha kuondoka, lakini misumeno ya usiku ingaliko. Watu hupasua mbao gizani na kuzishusha kabla ya mapambazuko. Wengine hufyeka chini ya miti mikubwa wapande iliki. Na wengi wao si wapagani, ni watu wetu, wenye majina ya mitume. Ukimwambia mmoja, ajibu: "Msitu ni wa Serikali, si wa Kanisa." Ni lile neno tena, limebadili kanzu tu.

Tumjibu hivi. Mvua ya milima hii huifadhi miti, na vijito vyake huingia katika Mto Zigi, na maji ya Zigi hukusanywa katika bwawa la Mabayani, na kutoka huko hunywewa na mji wa Tanga. Aangushaye mti kando ya kijito Kwamkoro amegusa kikombe cha mtoto wa Tanga asiyemjua. Mwana-sheria alimwuliza Bwana jirani yake ni nani. Nasi tukiuliza, mto unatujibu. Huwezi kumwombea jirani Jumapili kwa kinywa, na siku ya Alhamisi ukamkaushia maji kwa shoka.

Tena wazee wetu Wasambaa, kabla hawajamsikia Krapf wala Farler, walijua jambo hili kuliko sisi. Walikuwa na maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Walifahamu kwamba mambo ya mfalme na watu wake, ugomvi wao na mapatano yao, huigusa mvua na shamba. Hatusemi tuyarudie matambiko yao. Twasema wao hawakuwa na dini ya siku moja. Kwao hapakuwa na tendo lililokuwa nje ya macho ya mbinguni. Je, sisi tulioletewa nuru tumeipokea ili tuone kidogo kuliko wao? Ajabu kubwa, mtu abatizwe, kisha dini yake ipungue ukubwa!

Na hapa twasema neno litakalowaudhi wengine. Mpasuaji wa usiku huleta sadaka, na mara nyingi sadaka yake ni nono. Wazee wa kanisa huipokea, huipigia makofi, na hawaulizi. Pengine hata mbao za mabenchi zinapotolewa, hakuna aulizaye zilitoka wapi. Twajua sababu: kanisa lina shida nyingi, na bati lavuja. Lakini sadaka isiyoulizwa ni fundisho kuliko mahubiri. Yamfundisha kijana aketiye nyuma kwamba Mungu naye ana upande wa pili wa mizani, na kwamba akipewa sehemu yake hunyamaza. Mhubiri akihubiri mwaka mzima, hataliondoa fundisho hilo. Afadhali benchi la udongo kuliko benchi la wizi.

Wako watakaosema: "Mimi ni mtu mdogo, nikiacha mimi, mwingine atakata." Kweli, huenda mwingine akakata. Lakini wewe hukuulizwa habari za mwingine. Paulo alishona mahema Korintho kwa mikono yake, na hatusomi kwamba alishona vibaya kwa sababu washonaji wengine walishona vibaya. Watu wadogo ndio wanaotazamwa, kwa kuwa ndio walio wengi. Jirani yetu Mwislamu hasomi vitabu vyetu vya mafundisho, wala hasikii mahubiri yetu. Asoma kikapu chetu, deni letu dukani, ahadi yetu kwa kibarua, mikono yetu kwa wake zetu. Akiona humo hila, atasema dini yetu ni hila, nasi hatuna haki ya kumlaumu.

Basi tufanyeje? Kwanza, neno lile likisemwa tena mbele yetu tusicheke. Kicheko chetu ndicho chakula chake. Pili, walimu na makatekista wanapomwandaa mtu kwa ubatizo au kipaimara, wasimwulize maneno aliyoyakariri peke yake. Wamwulize anapimaje, analipaje, anakata wapi, na mke wake anasema nini. Wazazi wa ubatizo waulizwe vivyo hivyo, maana wao ndio waliosimama wakajibu kwa niaba ya mtoto. Tatu, wazee wa kanisa wawe na ujasiri wa kuirudisha sadaka ambayo kijiji kizima chajua ilitoka wapi. Wairudishe kwa upole, faraghani, pamoja na neno la toba, wala si kwa kumwaibisha mtu, lakini wairudishe. Bati livuje mwaka mmoja zaidi.

Na kila mmoja wetu, tangu Jumatatu hii ijayo, ajitwalie jambo moja tu alitengeneze: kilo alizozipunguza azirudishe, deni alilolikana alikiri, msumeno alioufundisha kutembea usiku aulaze. Tusingoje mkutano wa uamsho. Tusingoje karani aanze, wala mchumaji aanze, wala Serikali ianze. Jina tulilopewa kisimani halina siku ya mapumziko. Twalichukua kwenda shambani, twalichukua penye mizani, twalichukua msituni hata usiku. Na popote tuendapo ama laheshimiwa kwa ajili yetu, ama latukanwa kwa ajili yetu.