Tunalipa Spea, Hatulipi Kufikiri

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kuungama. Semesta iliyopita nilikula mlo mmoja kwa siku kwa karibu wiki tatu, na si kwa sababu bumu lilichelewa. Bumu liliingia vizuri tu. Mimi mwenyewe nilichomoa laki moja na themanini nikanunua kabureta ya Land Rover. Kwa hesabu yetu ya shilingi 10,000 kwa siku, hizo ni siku kumi na nane za kuishi. Na kabureta yenyewe haikuhitajika.

Nimeona niandike kwa sababu naamini kosa hili si langu peke yangu. Tunalifanya gereji, tunalifanya nyumbani, na sisi wa elimu tunakaribia kwenda kulifanya madarasani.

Kwetu ni Chilangala, Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde. Gari ni la marehemu babu: Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Wakati wake lilibeba korosho, lilibeba maji, lilibeba wajawazito usiku kwenda hospitali. Mwaka 2012 macho ya babu yalianza kugoma, akaliegesha chini ya kibanda pembeni ya mikorosho, akafunga mlango. Halikuguswa tena. Miaka imepita, babu katangulia mbele za haki, na mwaka jana familia ikakaa kikao. Mjomba, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye sauti, alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa chuma chakavu. Wanapima kwa kilo.

Nikaomba nafasi. Mjomba akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Likizo moja. Lisipotembea, wenye mizani waje."

Sasa sikilizeni nilivyoanza vibaya. Nilinunua lita tano za petroli nikazimimina kwenye tenki, juu ya yale mafuta ya 2012. Nikaazima betri. Stata ikazunguka, injini ikakohoa mara mbili, kimya. Nikaita fundi. Akafungua boneti, akaangalia dakika tano, akasema, "Kabureta imekufa hiyo." Sikumuuliza amejuaje. Nikatuma hela, kabureta ikaja kwa basi, ikafungwa. Gari likawaka! Watoto wakapiga makofi. Baada ya dakika sita hivi likazima. Tukasubiri, likawaka tena, likazima tena. Fundi akasema sasa ni pampu.

Hapo ndipo hela iliniishia, na namshukuru Mungu iliisha. Maana isingeisha ningenunua pampu, kisha koili, kisha delko, gari lote kipande kwa kipande.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha malori ya ushirika enzi zake, alikuja jioni akiwa na kiti chake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Hakushika spana. Aliuliza maswali. Linazima ghafla au linafifia? Linafifia. Likipumzika linawaka? Linawaka. Mafuta ya zamani mliyatoa? Kimya. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, umetibu mgonjwa hujamuuliza anaumwa wapi."

Kesho yake tukaanza upya, kwa mpangilio. Naueleza hapa kwa sababu vibanda vyenye magari ya mababu viko vingi, kuanzia Masasi hadi Tandahimba, na huenda kwenu kipo kimoja.

Kwanza, pua. Petroli haikai kama maji ya mtungi. Sehemu yake nyepesi, ile inayowaka upesi, hupeperuka, na inayobaki inaungana na hewa na kugeuka kitu kama gundi. Harufu inabadilika, inakuwa kama vanishi ya fundi seremala. Ikinuka hivyo, usibishane nayo, iondoe yote. Kuongeza mafuta mapya juu yake, kama nilivyofanya mimi, ni kuharibu yote mawili. Na msivute kwa mdomo kupitia mpira. Chini ya tenki kuna nati ya kumwagia. Fanyeni nje, betri ikiwa imechomolewa, bila sigara wala kibatari. Msiyamwage ardhini pia. Kwetu maji ya mvua tunayavuna na kuyatunza kama dhahabu, hakuna sababu ya kuyatia sumu.

Pili, moto. Kabla ya kulaumu mafuta, hakikisha plagi zinatoa cheche. Zetu zilitoa.

Tatu, jaribio la kijiko. Mzee alidondoshea petroli safi, kijiko kimoja tu, kwenye koo la kabureta, akatusogeza wote pembeni, akaagiza stata ipigwe. Injini ikanguruma sekunde chache, ikazima. Yeye akatabasamu, mimi nikasikitika. Akanifafanulia: cheche ipo, hewa ipo, injini ina nguvu ya kuwaka. Kinachokosekana ni mafuta kufika. Kijiko kimoja kilifuta nusu ya watuhumiwa.

Nne, pampu. Tulichomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, tukauelekeza kwenye chupa, stata ikapigwa. Mafuta yakaruka kwa vishindo, moja, mbili, tatu. Ndani ya pampu ile kuna utando wa mpira, na gari likikaa miaka mingi mara nyingi utando hukauka na kupasuka. Wetu ulikuwa mzima. Yaani pampu niliyotaka kukopa hela niinunue ilikuwa inafanya kazi.

Tano, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi, dumu. Tuliweka petroli safi kwenye dumu dogo, tukaunganisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu, tenki likaachwa nje ya mchezo. Gari likawaka. Dakika sita zikapita. Kumi. Tukanywa chai, tukaongeza kikombe cha pili, bado linanguruma. Basi tatizo lilikuwa tenkini, au kwenye njia itokayo tenkini hadi kwenye pampu. Halikuwa kwenye pampu wala kwenye kabureta.

Mzee alitaka uhakika wa jambo moja zaidi. Kifuniko cha tenki kina tundu la kupumulia. Likiziba, hewa haiingii, na pampu inashindwa kuvuta. Tukarudisha mpira kwenye tenki, tukaliwasha gari kifuniko kikiwa wazi. Likazima vilevile. Kifuniko hakikuwa na kosa.

Tukashusha tenki. Jamani, kutu! Usiku wa uwandani una baridi na asubuhi ina ukungu; tenki lisilojaa linapata unyevu ndani, na maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yanakaa chini kabisa yakila chuma. Vipande vya kutu vilikuwa vinavutwa hadi kwenye kichujio cha bomba la kunyonyea na kukiziba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, kutu inaanguka chini, njia inafunguka. Ndiyo maana likipumzika linawaka. Jibu lilikuwa kwenye swali la mzee tangu jioni ile.

Tiba? Kokoto ndogo, mnyororo wa baiskeli, maji, sabuni, na mikono ya vijana wanne kulitikisa tenki tangu asubuhi. Kisha jua siku mbili hadi likauke kabisa. Filta ndogo ya plastiki ikawekwa kati ya tenki na pampu. Halafu mzee akaomba ile kabureta ya zamani. Ilikuwa na gundi, ni kweli. Tukaifungua, tukaisafisha, tukapuliza jeti zake kwa pampu ya baiskeli, tukairudisha. Gari likawaka, likaenda Newala mjini na kurudi. Kabureta ilikuwa chafu, haikuwa mbovu. Tofauti ya maneno hayo mawili ni laki moja na themanini.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Ni rahisi kumlaumu fundi wa kwanza, na kwa muda nilimlaumu. Lakini nijiulize: ningemwambia, "Fundi, kaa nusu siku upime, usibadilishe kitu, nitakulipa," ningekubali kumlipa? Ukweli usemwe, nisingekubali. Ningesema amekaa tu. Sisi tunamlipa fundi anapofunga kitu kipya, kwa hiyo anafunga kitu kipya. Hospitali tunalipia kipimo kabla ya dawa bila kelele, tena daktari akituandikia dawa bila kupima tunamtilia shaka. Gereji tunataka dawa moja kwa moja. Fundi anayebahatisha tumemtengeneza wenyewe.

Na wala si ugonjwa wa maskini. Jirani yetu Nachingwea serikali ya Uingereza ilileta mashine za mradi wa karanga, kama ilivyofanya Kongwa na Urambo. Matrekta yalifika kabla udongo na mvua havijapimwa ipasavyo. Ilipofika 1951 mradi ulikuwa umekufa, na takriban pauni milioni 36 zimekwenda. Walikuwa na wataalamu na hela. Walichokosa ni mtu wa kukaa kwenye kiti na kuuliza maswali kwanza.

Wapo watakaosema gari la zamani ni mzigo, bora chuma chakavu. Inawezekana. Kuna magari ambayo ukishapima unakuta kweli yamekwisha, na hapo uza kwa moyo safi. Hoja yangu ni kwamba mizani ya chuma isije kabla ya kipimo. Kulitupa bila kupima ni kubahatisha kama kulinunulia spea bila kupima.

Wenzangu wa elimu, tunakwenda BTP hivi karibuni. Tutakutana na mtoto wa kidato cha pili asiyeweza hesabu za sehemu. Tutamwambia ni mvivu, tutampa mazoezi mengine ishirini, tutamwita mzazi. Hizo zote ni kabureta mpya. Huenda hajawahi kuelewa kugawanya tangu darasa la tatu. Huenda haoni ubao. Kuna jaribio la kijiko kwa mtoto pia: mpe swali dogo moja, mtazame anavyolifanya, muulize kwa nini kaandika hivyo, kisha nyamaza usikilize. Inachukua muda, na hakuna mkaguzi atakayekusifu kwa kukaa na mtoto mmoja dakika kumi. Fanya hivyohivyo.

Mjomba hakunisifu. Alizunguka gari mara moja, akapanda, akasema, "Mwalimu, kesho kuna magunia." Wenye mizani hawakuja.

Kabureta mpya nimeirudisha kwenye boksi lake, ipo chini ya kitanda hosteli. Anayeihitaji anitafute, bei ya mwanachuo. Ila kwanza aniambie amepimaje.