Woga wa Mlango wa Jumba la Sanaa

Wako wananchi wasioogopa kuingia ofisini kwa Mkuu wa Wilaya kudai haki yao, lakini mbele ya jumba la maonyesho ya sanaa za kisasa miguu yao huwa mizito. Huchungulia, wakaona kuta nyeupe, ukimya, na mtu aliyeketi mezani, kisha wakapita zao. Tumeliona jambo hili Mji Mkongwe, ambako mwenyeji humwachia mtalii kizingiti cha duka la picha. Nalo humkuta mtu wa Njombe au Makambako aliyesafiri kilomita zipatazo 700 hadi Dar es Salaam, akafika Nafasi Art Space, pale Mikocheni, mahali palipoanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya wasanii wetu wenyewe.

Hatukubali kwamba woga huo ni ushamba. Mama wa Njombe anunuapo chungu cha Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa hukigonga, hukigeuza, akakilinganisha na cha jirani yake kabla ya kutoa fedha. Mzanzibari naye, aliyekua akipita mbele ya milango ya nakshi, hutambua upi umechongwa na fundi na upi umelipuliwa. Watu hawa ni wahakiki wa siku nyingi, ila hakuna aliyewaambia.

Kinachowatisha ni dhana kwamba ndani mna mtihani. Hamna. Chukua picha ya marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyoichora mwaka 1956: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliipata mwaka 1960. Mzee wa Kibena, aliyewahi kubebeana ulanzi kwenda ukweni, angeweza kuieleza picha hiyo vizuri kuliko wasomi wengi wa huko.

Wala wenye kazi hizo hawakushuka kutoka mbinguni. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa kibarua. Alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari na kuuza kando ya barabara, Oysterbay. George Lilanga alianza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, naye mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Basi yule mlinzi unayemwogopa mlangoni, msalimie. Huenda akakuonyesha mengi.

Anayeingia kwa mara ya kwanza asijilazimishe kutazama kila kitu. Picha mbili zikimshika, azisimamie hata nusu saa. Nyingine azipite bila kuomba radhi. Kuuliza bei si ahadi ya kununua. Asiguse tu, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huharibu rangi. Na asipoelewa, aseme hivyo. Hata sisi tumewahi kusimama mbele ya mabati yaliyokunjwa tukaona mabati, na mpaka leo hatujabadili mawazo.

Lakini si haki kumtwika mgeni mzigo wote. Mara nyingi maelezo ukutani huandikwa kwa Kiingereza peke yake, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya Bara na Visiwani. Wakuu wa utamaduni wa pande zote mbili wanaweza kuliondoa kosa hili bila kungoja bajeti mpya: wayaombe majumba yote, ya Serikali na ya watu binafsi, yaandike Kiswahili kwanza.

Tena, sanaa nayo isafiri. Makambako ni njia panda: barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana hapo na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Picha 30 zikitundikwa juma moja katika ukumbi wa shule mjini humo, zitaonwa na wauza viazi, wanafunzi, madereva na abiria wanaongoja gari. Wachoraji wa Unguja na Pemba wapewe nafasi katika safari hiyo, na wafinyanzi wa Ludewa nao waalikwe Ngome Kongwe. Tunaomba Ofisi ya Mkoa wa Njombe ianze na ukumbi mmoja, na mlangoni aketi mtu anayejua kusema karibu.