Surua Hairudi Ndani

Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, mtoto akishikwa na homa, kikohozi na macho mekundu, kisha vipele vikatokea, wakubwa hutoa amri upesi: asichomwe sindano, asiogeshwe, afungiwe ndani na blanketi mpaka surua itoke yote. Wanasema ukiigusa kabla haijamaliza kutoka itarudi ndani, na ikirudi ndani inaua.

Naipinga rai hii. Lakini siipingi kwa kudai kwamba bibi zetu hawakuona kitu. Waliona. Mtoto ambaye vipele vyake havikutoka vizuri mara nyingi ndiye waliyemzika. Wengine walizidiwa siku zilezile vipele vilipokuwa vikififia, na baadhi yao walikuwa wametoka kuchomwa sindano. Mama aliyeshuhudia hayo kwa majirani wawili watatu ana kila sababu ya kuogopa. Walichokosea ni chanzo.

Virusi vya surua huingia kwa njia ya hewa, vikaenea mwilini kwa siku kumi hivi kabla ya dalili ya kwanza. Vipele vinapoanza nyuma ya masikio na usoni, kisha vikashuka kiwiliwili, mikononi na miguuni, virusi vimekwisha kufika kwenye mapafu, macho na utumbo. Hakuna cha kurudi ndani, kwa kuwa ndani vilikuwamo tangu mwanzo. Vipele vyenyewe ni kazi ya kinga ya mwili inayopambana na virusi ngozini. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali, au mwenye VVU asiyetibiwa, anaweza kuugua surua kali bila vipele vya kuonekana. Mwili wake umekosa nguvu ya kupigana, na udhaifu huo ndio unaomuua.

Na wale waliozidiwa vipele vilipofifia? Vipele hufifia baada ya siku tano au sita. Wakati huo kinga ya mtoto imevunjwavunjwa na surua, na vimelea vingine hupata mlango. Hapo ndipo nimonia inapoingia, nayo ndiyo inayoongoza kuua watoto wenye surua. Sindano ikabeba lawama kwa sababu mtoto alifikishwa hospitali akiwa amekwisha kuchelewa.

Ni kweli, hakuna sindano wala kidonge kinachoua virusi vya surua, na anayesema hivyo hajakosea. Kosa ni kuhitimisha kwamba basi hospitali haina la kufanya. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida, na 88 kati yao wakaongezewa vitamini A kwa kiwango kikubwa, siku ya kwanza na siku iliyofuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Waliopewa vitamini A walikufa 6, na katika wale 92 wengine walikufa 12. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili alikufa mmoja upande wa waliopewa, saba upande wa wasiopewa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1990 ulielekea hukohuko. Leo Shirika la Afya Duniani linaagiza kila mtoto mwenye surua apewe dozi hizo mbili kwa kipimo cha umri wake. Hospitali pia hutibu nimonia kwa viuavijasumu, huongeza maji kwa mtoto anayeharisha, na huyalinda macho. Ninasisitiza macho, kwa sababu surua imewapofusha watoto wengi wa nchi hizi, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni zimezidisha balaa hilo. Mila ya kumnyima mgonjwa mayai, maziwa na nyama nayo humnyang'anya chakula wakati mwili wake unakihitaji kuliko wakati wowote.

Kuitambua surua mapema si kazi ya daktari peke yake. Kwenye ngozi nyeusi vipele huenda visionekane vyekundu. Pitisha kiganja usoni na kifuani, utahisi ngozi inakwaruza. Tetekuwanga ni tofauti: hutoa malengelenge yenye maji. Madoa yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi, mtoto akiwa na homa kali, yanaweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo, na hayo hayasubiri hata saa moja. Wala vipele visiwafanye mkasahau kumpima malaria.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea, anayepumua haraka, mwenye mbavu zinazobonyea akivuta pumzi, au ambaye kioo cha jicho kimeingia ukungu, apelekwe usiku huohuo. Wengine wenye homa na vipele wapelekwe siku hiyohiyo. Mkifika, semeni mlangoni kwamba mnashuku surua, mtoto atengwe na wenzake, kwa sababu virusi hukaa hewani kwa muda wa hadi saa mbili. Kisha chukueni kadi za kliniki za watoto wote wa nyumba hiyo: chanjo ya surua-rubela hutolewa katika miezi 9 na kurudiwa katika miezi 18. Asiyepata ya pili hajamaliza, mpelekeni.