Hesabu ya Mezani



Baada ya Idi iliyopita, sisi wa mtaa wa West Indies, Eldoret, tulimpeleka Mama yetu kwenye mkahawa wa kifahari katikati ya mji. Tulikuwa tumedunduliza tangu Shaabani. Mama, ambaye huwapikia watu kila uchao, siku hiyo alipikiwa yeye, na furaha yake ilikuwa dhahiri usoni.

Bili ilipoletwa, furaha ikaingia doa. Sahani ya mbuzi wa kuchoma ya shilingi 2,400 iliandikwa mara mbili, jumla ikawa 12,000. Juu yake ikaongezwa kodi ya asilimia 16, ilhali menyu ilieleza kuwa bei zimekwisha kujumlisha kodi. Tulidaiwa 13,920. Tukatazamana. Baadhi yetu tulinong'ona kuwa ni heri tulipe tuondoke, tusimwaibishe Mama mbele za watu.

Kumbe Mama alikwisha kutambua. Aliiomba karatasi, akaisoma, akamwita mhudumu kwa upole: "Mwanangu, njoo tuhesabu pamoja."

Kijana alihesabu, akaomba radhi, na jumla ikashuka hadi 9,600. Tulipoanza kutoa fedha, Mama akatuzuia. "Bado. Jagi la sharubati la mia nane hamkuliandika." Tukalipa 10,400, na kijana akatusindikiza hadi mlangoni.

Njiani tulijiuliza: je, tungaliliona kosa hilo la mwisho lau Mama hakuwapo? Twakiri kwamba macho yetu yalitafuta tulichodhulumiwa tu. Sura ya 83, al-Mutaffifin, huonya wanaopunja katika vipimo, nasi tumezoea kudhani wanaoonywa ni wauzaji peke yao.

Basi, wapenzi wasomaji, tusione haya kuuliza kabla ya kuagiza iwapo kodi na malipo ya huduma yamo katika bei. Tuisome bili kabla ya kulipa, na risiti tuidai. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya chatupa wanunuzi haki ya kupata maelezo. Lakini tukidai haki yetu, tuidai kwa ulimi laini, na ya mwenzetu tuirudishe hata kama hakuiona.

Wabillahi tawfiq.