Mchanga wa Shela Si Ploti

Kama ushawahi kwenda Shela siku ya Idi, unajua ninachosema. Ukishaziacha nyumba nyuma, ufuo unafunguka kilomita baada ya kilomita. Watoto wanabingirika kutoka juu ya milima ya mchanga, vijana wako na mpira, kina mama wamekaa na vyakula vyao. Hakuna anayekuuliza tikiti.

Sasa jiulize: maji uliyotawadhia asubuhi hiyo yalitoka wapi?

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Mvua ikinyesha Shela inazama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari huko chini. Humo ndimo mlimo na visima vinavyolisha mji wa Lamu. Hesabu yake inatisha: wataalamu wanakadiria kwamba maji matamu yakishuka mita 1, ya chumvi yanaweza kupanda kama mita 40 kutoka chini. Kwa hivyo mtu akichimba kisima chake na kuweka pampu ya kujaza bwawa la kuogelea, havuti maji yake peke yake. Anavuta ya nyanyako mtaani Langoni. Na choo chake je? Mchanga unapitisha. Kinachomwagwa juu kinashuka kwenye maji ya wote.

Ndio maana nikisikia mtu akisema "ile ardhi imekaa bure tu", nachoka kabisa. Tangi la maji limekaa bure?

Tena tusidanganyane, si wageni peke yao. Wako jamaa zetu wanaouza, wanaosaini, wanaobeba mchanga kwa punda usiku. Najua njaa ya kazi ipo, na hoteli zinaajiri. Lakini visima vikiingia chumvi, hiyo hoteli itamwajiri nani?

Utaambiwa "lakini ana hati". Sawa, naye asome Katiba. Kifungu cha 40(6) kinasema ulinzi wa mali haumfikii aliyeipata kinyume cha sheria. Kifungu cha 62 kinahesabu eneo la pwani linalofunikwa na maji kujaa na kupwa kuwa ardhi ya umma. Cha 43 kinakupa haki ya maji safi ya kutosha. Halafu kuna cha 70, ambacho wengi hawakijui: kwa kesi ya mazingira, huhitaji kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Yaani hungoji mpaka birika litoe chumvi ndio uende kortini.

Na Lamu si wageni wa kortini. Mwaka 2018 wavuvi walishinda kesi ya bandari katika Mahakama Kuu, Malindi. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ikafutwa. Walioanza hawakuwa na pesa, walikuwa na mafaili na subira.

Kwa hivyo ukiona kigingi kipya mchangani, usiishie kulalamika kwa status. Piga picha, andika tarehe, halafu peleka barua ofisi ya ardhi uombe rekodi za hiyo ploti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Wakikuambia urudi kesho, rudi na wenzako watano.