Kipimo cha tumbo kwa mtoto: kamera pekee haitoshi

Na Mwandishi Wetu

Kwa mtoto aliyeharisha miezi kadhaa, akakonda na kuacha kurefuka, hufika wakati daktari hawezi tena kutegemea kumpapasa tumbo. Humlazimu kupitisha kinywani mpira mwembamba wenye kamera na kuchukua vinyama vya utumbo vikapimwe maabara. Mtu mzima huweza kustahimili kipimo hicho kwa kupuliziwa ganzi kooni. Mtoto mdogo hatatulia, na kumkandamiza kwa nguvu kunaweza kumjeruhi na kumwachia hofu ya hospitali kwa miaka.

Wazazi wengi hawaelezwi kwamba kukata kinyama chenyewe hakuumi, kwa kuwa utando wa ndani wa utumbo hauhisi mkato. Kinachotesa ni mpira kupita kooni na hewa inayojazwa tumboni. Ndiyo maana mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, yaani sehemu ya utumbo kukosa chembe za neva, huweza kuchukuliwa kinyama cha ndani ya puru kwa kifaa cha kunyonya bila kulazwa usingizi.

Penye haja ya dawa ndipo penye mashaka. Baina ya mtoto aliyetulizwa na aliyezama katika usingizi mzito hakuna mpaka ulio wazi. Dozi ile ile humlegeza mmoja na kumzuia mwingine kupumua. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba na akiba yake ya oksijeni huisha upesi. Kwa hiyo anayeshika kamera hapaswi kuwa ndiye anayeangalia pumzi. Kazi hiyo ni ya mtu mwingine, aliyefunzwa, mwenye kipima oksijeni kidoleni mwa mtoto na vifaa vya kumsaidia kupumua.

Katika miaka ya karibuni Serikali imeongeza mashine za uchunguzi katika hospitali za rufaa za mikoa, jambo la kupongezwa. Wataalamu wa usingizi, hata hivyo, hawanunuliwi kwa zabuni. Shirikisho la Dunia la Vyama vya Wataalamu wa Usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu 100,000. Kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika Sensa ya 2022, hao ni zaidi ya 3,000, idadi ambayo bado tuko mbali nayo sana. Ufadhili wa masomo ya ubingwa unaotolewa na Wizara ya Afya hauna budi kuipa fani hii kipaumbele.

Lipo pia jambo lisilohitaji bajeti kubwa. Kwa kawaida mtoto hukaa saa 6 bila chakula kabla ya dawa, saa 4 bila maziwa ya mama na saa 2 bila maji. Mama anayemwona mwanawe akilia kwa njaa tangu alfajiri hadi alasiri humwonea huruma, akamnywesha uji kwa siri. Uji huo ukipanda wakati mtoto amelala huweza kuingia mapafuni. Alaumiwe mama, au ratiba iliyomweka mtoto nyuma ya watu wazima? Watoto wapimwe kwanza asubuhi, na kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa mzazi atajiwe ni nani atakayesimama kichwani kwa mtoto akiangalia pumzi zake.